Kahawa ya Chupani

Emama Wubalem, mama mzee jirani yangu hapa Jimma, ana miaka sabini na moja. Kwa muda mrefu ndiye aliyetuita kwa kahawa ya asubuhi. Alikaanga buni mbele yetu, akazitwanga, na ukishaketi kwake huondoki mpaka birika la udongo lichemke mara tatu.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, akaacha. Hakufiwa, wala hakuugua. Alikuwa tu anaamka kabla ya jogoo, chakula hakina ladha, na tukimwita kwetu anasema, "Leo miguu mizito, mwanangu."

Lakech wa nyumba ya pili akadhani amerogwa. Tukamwita Sista Meskerem wa zahanati, akakaa naye asubuhi nzima, akimuuliza polepole.

"Si uchawi," akatuambia. "Ni huzuni ndogo, huwapata wazee wengi. Nitakuwa nakuja kumwona. Ninyi msimwache peke yake, na msimfanyie kila kitu."

Tukashika la kwanza, la pili tukalisahau. Lakech alimpelekea kahawa kwenye chupa ya chai, mimi nikamfagilia ua. Tukajiona watu wema. Yeye akazidi kunyamaza, nami nikaogopa kwamba tunamgeuza mgonjwa wa kulala tu.

Wiki ya tatu, Lakech alipomletea chupa, Emama alimimina, akanusa, akaweka kikombe chini.

"Umeikaanga lini?"

"Jana, Emama."

"Jana! Kwetu kahawa ya chupa hupewa nani?"

Lakech akaniangalia. Mimi nikauangalia ufagio.

"Wagonjwa," Lakech akasema kwa sauti ndogo.

"Na abiria wa basi. Mimi nasafiri kwenda wapi?"

Kicheko kikanitoka. Naye akacheka, kwa pua tu.

"Wewe unayecheka, washa mkaa. Lakech, inua makalio, kaite watu."

"Niwaite akina nani?"

"Wote. Hata huyo mumeo mvivu."

Alikaanga mwenyewe, buni nyingine zikaungua. Nilipotaka kumpokea kikaango alinipiga kofi mkononi. Tulikunywa watu saba, na kahawa ilikuwa chungu kidogo.

"Usingizi je, Emama?" mume wa Lakech akauliza.

"Bado. Na miguu bado mizito. Lakini kesho njooni mapema, na mtu alete nyasi mbichi za kutandika penye kahawa. Sakafu yangu haina heshima."