Mama Lishe Aliyekalia Pengo la Ukuta wa Stendi

Jua la saa nne limeshakolea. Tukuswiga Mbonile anawapakulia wali maharage makondakta wanaosubiri basi la Mbeya lijae. Ameweka jiko lake kwenye pengo la ukuta mrefu wa matofali. Upande mmoja ni stendi mpya ya mabasi, upande wa pili ni mtaa anaoishi.

"Tusingekaa hapa, wangeshapaziba," anasema, mwiko mkononi.

Stendi ilipohamishiwa pembezoni mwa Tunduma, wananchi waliambiwa viwanja vinavyoizunguka vitakuwa vya soko, nyumba za kupanga na njia za waenda kwa miguu. Tukuswiga, mjane aliyetoka Mbebe wilayani Ileje, aliamini. Akahama katikati ya mji, akapanga chumba jirani na stendi.

Mwaka jana matumizi ya ardhi yakabadilishwa kimyakimya. Palipotengewa soko pakawa yadi ya malori. Mwenye yadi akaanza kujenga ukuta huu kati ya stendi na mtaa, njia ya mtaani ikakatwa. Watu wakalazimika kuzungukia barabara kuu, wakipenya kando ya foleni ya malori yanayoelekea Zambia.

Huko ndiko alikogongwa Zakia, aliyekuwa akipika naye, akiwa na ndoo ya vyombo kichwani. Mguu ulivunjika. Mpaka leo hajarudi kazini.

"Nilimwinua mwenyewe pale chini. Ananiuliza, 'Vyombo vimepona?' Nililia kwa hasira. Lori limepewa pa kulala, binadamu hana pa kupita!"

Kesho yake Tukuswiga na mama lishe wenzake walibeba majiko, wakaketi kwenye pengo ambalo mafundi walikuwa hawajaliziba. Akaja ofisa wa mipango miji.

"Mama, hapa si eneo la mama lishe. Ramani inasema malori."

"Baba, huyo aliyechora ramani anapanda basi?" Tukuswiga akamjibu. "Mwambie aje apite kule na mzigo kichwani."

Abiria wakajazana, wakagoma kuondoka. Jioni mafundi walifungasha vifaa. Wananchi wakaahidiwa mkutano wa kuijadili upya ramani, lakini umeahirishwa mara mbili.

Kumbe kulikuwa na ofa ya siri.

"Watu wa yule ofisa walinifuata pembeni wanipe kibanda ndani ya stendi, mimi peke yangu, ninyamaze," anasema. "Nimekataa. Nataka soko letu, na njia yenye taa. Huo mkutano wasipouitisha, tutawafuata ofisini na masufuria yetu. Nikiingia kwenye kibanda chao leo, kesho hapa wanajenga."