Makande ya Nathanaeli

Marehemu mume wangu hakulishwa limbwata. Naanza na hilo kwa sababu limesemwa bombani hapa Chome, likateremka na basi hadi Same mjini, na baadhi ya wanaolisema wamekaa kwenye viti vyangu wakanywa chai yangu. Nathanaeli aliingia jikoni kwa sababu mama yake alikuwa hali chakula.

Mama mkwe wangu, Asteria, alipooza mkono wa kulia mwaka ule mimi na mume wangu tulipostaafu ualimu na kurudi mlimani. Hadi siku hiyo hakuna mwingine aliyegusa chungu chake cha makande. Kwao chungu huachiwa binti, naye alizaa wavulana watupu. Nilipompikia alionja, akaweka kijiko chini.

"Mama Careen, umejitahidi. Ila nyie watu wa Ugweno kila kitu mnakipika kama ndizi."

Tangu siku hiyo akawa anakunywa chai tu, hadi mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Ndipo Nathanaeli alipotoa kinu uani, akaketi mbele yake.

"Mama, nifundishe."

"Wewe? Na hiyo suruali?"

"Niivue?"

Mama alicheka. Alikuwa hajacheka tangu augue.

Akamfundisha kunyunyizia mahindi maji, kuyatwanga hadi ganda litoke, kuyapepeta. Jirani yetu Dorkas akapita na ndoo yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Kumbe siku hizi ni zamu yako?"

"Marahaba. Sogea, Dorkas, pumba zitakuchafua."

Limbwata lilizaliwa hapo, kwenye ndoo ya Dorkas.

Chungu cha kwanza kiliharibika. Magadi huyeyushwa, huachwa yatulie, kisha humiminwa maji ya juu peke yake. Nathanaeli alimimina yote pamoja na mashapo. Makande yakawa ya njano, machungu.

"Baba, hii ni dawa ya ng'ombe," mama yake alisema. "Wapelekee wafugaji huko tambarare."

Nathanaeli aliyala mwenyewe hadi yakaisha. Kisha akatwanga mengine. Hayo mengine mama aliyala, akilishwa na mwanawe, na tangu hapo hakupika mtu mwingine makande katika nyumba hii. Mimi nilikuwa naosha chungu.

Nathanaeli alifariki wakati wa mvua za masika. Wachungaji walihubiri vizuri. Watu walileta wali, wakaleta nyama, wakaleta ndizi. Mama hakugusa chochote. Waombolezaji waliniambia nilie nipate nafuu. Machozi hayakunijia. Niliona mikono yangu ikipokea mikono ya watu, kama mikono ya mtu mwingine.

Wageni walipokwisha kuondoka nilifagia uani. Stoo nikakuta ungo wenye mahindi aliyoyakoboa yeye, yamekauka vizuri, yamefunikwa kitambaa. Kisha nikayaloweka pamoja na maharage, na asubuhi nikawasha moto.

Mama alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda nyuma yangu. Maharage yalipoanza kulainika nilichukua bakuli la magadi. Mkono ukabaki hewani, sijui kwa nini.

"Acha mashapo," akasema.

Nikamimina maji ya juu, mashapo nikayaacha.

Yalipoiva nilimpakulia. Nilinyoosha kijiko nimlishe kama alivyofanya mwanawe, lakini alikichukua kwa mkono wa kushoto. Alikula polepole, mengine yakimwangukia kwenye kanga. Alimaliza bakuli, akalisukuma kwangu nimwongeze. Nikamwongeza. Akala na hayo.

Halafu alikitazama chungu, akanitazama mimi, akasema neno, na hakuniita Mama Careen.

Alichoniita, na neno lenyewe, ni vya nyumba hii. Mlitaka kujua habari za limbwata, nimewajibu. Dorkas asije kuniuliza zaidi, wala asimtume mtu. Sisemi.