Maneno Kumi na Mawili Mfukoni mwa Meneja

"Mshono wangu haufumuki, na maneno yangu hayafutiki!"

Shangazi alitamka hayo katikati ya mkutano wa soko, kipaza sauti mkononi, siku tatu baada ya meneja wa soko kumtoa kwenye kundi la simu la wafanyabiashara. Kosa lake: kuuliza mara tisa kwa nini paa linavuja.

Shangazi ni fundi wa suruali za kiume, kibanda cha saba, mwenye mdomo unaofanya kazi hata umeme ukikatika. Mimi ndiye niliyemwekea programu mpya ya ujumbe, ya blokcheni. Nilimweleza kwa diploma yangu isiyofika mwisho: ujumbe unatunzwa kwenye kompyuta nyingi zisizo na bosi, kwa hiyo hakuna wa kupigiwa simu aufute. Ila umefungwa. Simu ikifa, utaufungua kwa maneno kumi na mawili tu ya siri ambayo programu inakupa.

"Yaandike mahali salama, shangazi. Si kwenye simu."

Wiki hiyohiyo karani wa meneja akamtumia humo picha za mabati yaliyonunuliwa kwa paa la soko, yakiwa yamepigiliwa juu ya nyumba mpya ya meneja. Kisha karani akaogopa, akafuta kila kitu kwake. Halmashauri ilikuwa inakuja Ijumaa kusikiliza malalamiko. Jumatano, simu ya shangazi ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupigia pasi.

"Maneno uliyaandika wapi?"

"Kwenye kitambaa kilichokuwa karibu."

"Kipi?"

Akanyoosha kidole kwenye ofisi ya meneja. Aliyaandika kwa kalamu kwenye kipande cha bitana, na baadaye akakishona kuwa mfuko wa suruali ya kijivu. Suruali ilikuwa ya meneja, maana ugomvi ni ugomvi na kazi ni kazi. Tulimkuta ofisini ameivaa, mkono mfukoni.

"Meneja, hiyo suruali nimekosea mshono. Nipe nikairekebishe."

"Fundi, sijawahi kukaliwa na suruali vizuri hivi."

"Itapasuka makalioni, bosi. Mbele ya wageni wa Ijumaa."

Akacheka mpaka kiti kikalalamika. "Si ulisema mshono wako haufumuki? Kawaambie watu kwa kipaza sauti kwamba unafumuka. Kesho nitakuletea."

Shangazi alikichukua kipaza sauti, akalitangazia soko zima kwamba yeye, fundi wa miaka ishirini, ameshindwa na suruali moja. Wauza viatu walipiga makofi. Machozi yalimlengalenga, najua kwa sababu alinitukana mimi.

Kesho yake mfuko ulifumuliwa kwa dakika moja. Wino ulikuwa umefifia, lakini maneno yote yalisomeka, na suruali ikarudi kwa mwenyewe kabla ya jioni.

Ijumaa picha zilifunguka kwenye simu ya kuazima, mbele ya halmashauri. Meneja akajikausha, akatia mkono mfukoni. Mkono ukapitiliza mpaka gotini.

"Samahani, bosi," shangazi alisema. "Mfuko nilisahau kuurudisha."

Paa linaezekwa upya wiki hii. Kushona suruali kwa shangazi ni elfu kumi na nane, mifuko ikiwemo.