Rangi ya Viatu Kidoleni

Fundi viatu huyu mtaa mzima ulimwita Kufuli, maana mdomo wake haukufunguka ovyo. Na kufuli halikai mlangoni bure. Lazima kuna kitu ndani. Ujuzi wa kushona soli aliupata gerezani, na hilo hakumwambia mtu, hata mkewe, aliyemwoa baada ya kutoka. Wafungwa wenzake walikuwa wamemhakikishia kwamba aliyefungwa hapigi kura tena mpaka anaingia kaburini, naye akaamini. Basi kila siku ya uchaguzi alijifungia kibandani, akachovya kidole kwenye rangi ya viatu, akarudi nyumbani akikionyesha kama bwana harusi mwenye pete mpya. Nani angemuuliza kwa nini hakupiga kura?

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, mama mmoja mgeni alimletea kiatu kilichokatika kanda. Kufuli alikigeuza mara moja tu, akakisogeza karibu na macho. Kanda ile haikuchakaa popote. Ilikatwa kwa kisu.

"Keti, mama," alisema bila kuinua macho.

Mama alingoja mteja mwingine aondoke, kisha akasema polepole, "Kaka, kazi yangu ni kuwazungukia watu waliotoka gerezani. Aliyemaliza kifungo chake anaruhusiwa kupiga kura. Anajiandikisha kama mtu mwingine yeyote. Wengi hawajui."

Sindano ikamchoma fundi. "Nani kakwambia mimi nilifungwa?"

"Mtu anayekutakia mema."

"Wa kunitakia mema ningemjua! Kiatu hiki hakikukatika, kimekatwa. Nenda kampeleleze mwingine, mama."

Mama hakukasirika. Alichukua kiatu chake, akamwelekeza ofisi ya kujiandikisha nyuma ya soko, akamwambia mwisho ni Ijumaa.

Usingizi ukamhama Kufuli. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akaanza kuwapekua watu wake kwa macho. Alimshuku muuza mkaa wa jirani, anayecheka hata pasipo kichekesho. Alimshuku zaidi shemeji yake, ambaye hakumpenda tangu siku ya posa. Neno hilo likimfikia mkewe, atafunga mizigo aende kwao, na Kufuli hakujua angeishije bila yule mwanamke.

"Mbona huli?" mkewe aliuliza.

"Tumbo tu."

Mkewe alimtazama kidogo, akaondoa sahani.

Lakini maneno ya yule mama yalikuwa yameshaingia. Kama ni kweli, miaka yote hii alijipaka rangi bure! Ijumaa akaenda, amejiandaa kwa pingu. Karani akamwambia aweke vidole kwenye mashine. Mara ya mwisho alipochukuliwa alama za vidole, mlango ulifungwa nyuma yake. Aligeuka haraka kuutazama. Ulikuwa wazi, na mtu aliyemfuata kwenye foleni alikuwa akipiga miayo.

"Anayefuata!" karani akaita.

Siku ya kura Kufuli alirudi nyumbani na wino wa kweli, lakini safari hii hakuonyesha mtu. Mkewe alikuwa akifua uani. Aliushika mkono wa mumewe, akakisugua kidole kwa sabuni, akasugua tena kwa nguvu.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Kila uchaguzi nafua mashuka yenye rangi ya viatu," mkewe alisema. "Ya leo haitoki."

Aibu ilimshika Kufuli hadi miguuni. "Kwa hiyo ulijua?"

"Shangazi yako aliniambia kabla sijaikubali posa. Nikasema nitangoja uniambie mwenyewe. Nimengoja, mume wangu, mpaka nimechoka."

Kufuli alikaa chini, machozi yakimtoka wazi. Shemeji, muuza mkaa, wote aliwaonea bure. Kisha akakumbuka.

"Na yule mama mwenye kiatu?"

"Nilimfuata mwenyewe ofisini kwao. Nikamwambia, yule bila kiatu mkononi hazungumzi na mtu." Mkewe alirudisha mikono kwenye povu. "Kanda niliikata mimi, kwa kisu cha jikoni."