Nipeni Mji

Mchezo wa kutegana kwa picha aliuanzisha kaka yangu, mtu mwenye simu nzuri na kazi isiyomchosha. Ni karani wa serikali Pemba, hii ya Msumbiji, na kila akitumwa wilayani hurudi na picha ya jengo la ajabu: msikiti mdogo uliopakwa rangi ya waridi ndani na nje, ghorofa iliyosimama peke yake katikati ya mihogo, kituo cha mafuta ambacho watu wamekigeuza kanisa. Huitupa kwenye kundi la familia kwenye simu, akaongeza dokezo la mstari mmoja, kisha akatuacha tugombane. Wapi hapa? Ndugu zetu wa Mtwara watasema Lindi. Shangazi aliyeko Nampula atasema Kisiwa cha Msumbiji, maana kwake kila jengo kuukuu liko Kisiwa cha Msumbiji. Mimi huku Palma naikuza picha mpaka naona matundu ya ukuta. Natazama udongo, miti, kutu ya mabati. Nilikuwa hodari wa mchezo huo, nasema bila haya, na waliokuwa wakinionea wivu wanajijua.

Mama alipojifunza kutuma sauti, akaunyakua mchezo wote. Kwake hicho kilikuwa kitendawili, na kitendawili kina adabu zake. Picha ikifika, sauti yake inafuata: "Kitendawili!" Hakuna ruhusa ya kukisia kabla hujaandika "Tega." Na ukishindwa, unatoa mji. Ndivyo alivyotulea: aliyeshindwa anampa mtegaji mji, mtegaji akiuona haumfai anaukataa, akiupenda anaupokea, anajidai amekwenda huko akala akashiba, ndipo anapotoa jibu. Tumempa Maputo, tumempa Lisboa ya Wareno, tumempa Dar es Salaam mpaka akasema watoto wake wanagawa miji kama wanagawa maembe ya jirani.

Mume wangu ni mtu wa Inhambane, kusini mwa nchi, aliletwa huku na kazi za utawala. Siku tuliyomwingiza kwenye kundi, jengo la kwanza tu likamshinda, akaandika kwa Kireno: "Desisto." Kwamba amekubali kushindwa, basi, yameisha. Sauti ya mama ikaja taratibu, kwa heshima zote za mkwe: "Baba, desisto si mji." Mpaka leo nyumbani kwangu, mtu akitaka kuacha kazi katikati, iwe ni kufua au kuparua samaki, anaambiwa desisto si mji.

Mji mmoja tu hakuna aliyekuwa akiutoa, nao ni wetu, Mocímboa da Praia. Tuliukimbia vita vilipoingia, na watoto mgongoni na vile tulivyoweza kushika, na baada ya hapo jina lake likawa zito. Hakuna aliyepiga marufuku. Tulikuwa hatuliandiki tu. Mama aliishi Pemba kwa kaka, kitanda kizuri, feni juu, maji ya bomba, na kila siku analalamika kwamba maji ya bomba hayana ladha. Watu walipoanza kurudi akasema na yeye anataka kwenda kwake. Tukamwambia bado. Akangoja, akasema tena. Tukamwambia bado, mama, njia haiaminiki, leo imefunguliwa kesho imefungwa. Niliyepiga kelele kuliko wote ni mimi. Nilimwambia nyumba yenyewe zimebaki kuta, atalala wapi, na miguu ile inayovimba, na sukari ile? Akanijibu, "Haya." Mama yangu akisema haya ujue ameshaamua jambo lake.

Siku moja nikiwa darasani, chaki mkononi, kaka akanipigia. Mama alikuwa ameaga jana yake kwamba anakwenda matangani Metuge. Matanga yapo kweli, lakini waliofiwa hawajamwona. Simu yake haipatikani.

Niliwaacha wanafunzi na mwalimu wa chumba cha pili nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Sikulia. Mimi nikiogopa hukasirika. Nilimgombeza kaka kwamba ameshindwa kumchunga bibi mmoja, nikamgombeza mume wangu aliyekuwa akiwapigia simu wenzake wa Macomia na Awasse, kwenye njia ya kwetu, nikamwambia Kireno chake kirefu mno, aulize upesi. Wote walimjibu hawajui. Usiku ule chakula kililala kwenye sufuria. Nilikuwa nikiiona ile barabara, na mama amekaa kando yake juu ya kifurushi chake, na sikutaka kuona zaidi ya hapo.

Alasiri ya pili simu ililia. Picha, kwenye kundi, kutoka kwa mama. Hakuna salamu wala maelezo. Ni jengo. Nusu ya ukuta mawe ya matumbawe, yameungua yakawa meusi. Nusu ya pili fito na udongo, mbichi bado. Juu mabati mapya machache, kwingine turubai la buluu limefungwa kwa kamba. Na mlango wake ni ubao wa darasani, umesimamishwa wima, hesabu za kuzidisha bado zinasomeka, zimelala ubavu. Kisha sauti: "Kitendawili!"

Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Yu hai! Yu hai na anatania! Nikampigia, akakata. Kaka akampigia, akakata. Sauti ikaja: "Simu za nini? Nimesema kitendawili."

"Tega, mama, tega!" tuliandika wote.

"Nyumba yangu mlango wake umesoma, mwenyewe hakusoma."

Basi tukakisia, tukiwa na machozi na kamasi. Niliikuza picha kama kawaida yangu. Matumbawe, kwa hiyo pwani. Mchanga mweupe mlangoni, kwa hiyo si mbali na maji. Mtwara wakasema Msimbati, amevuka Ruvuma mtu huyu. Kaka akasema Ibo. Mimi nikasema Pangane, tena kwa uhakika wa mtaalamu. Mume wangu akasema Palma, maana hapa wapo waliojenga hivyo hivyo kwa viraka, na kabla ya kujibiwa akavaa viatu akatoka kuchungulia njia nzima ya kuja kwetu. Kila jawabu mama alijibu "hapana," na kila hapana ilikuwa na kicheko ndani yake. Nakiri sijawahi kufurahia kukosea kama siku ile. Kila nikikosea naisikia sauti yake.

Mume wangu alirudi anatweta, akaandika, "Desisto, mamã."

"Desisto si mji," akasema mama. "Nipeni mji."

Kaka akampa Maputo. Akaukataa. Mtwara wakampa Dar es Salaam. Akaukataa pia, akasema ile nimeila mpaka nimechoka. Shangazi akampa Makka, tukajua huo haukataliwi. Mama akasema, "Makka sipewi na mtu, naomba kwa Mungu. Nipeni mji." Tulikuwa wote na simu mkononi, na nadhani wote tulikuwa tunalifikiria jina moja.

Nikaandika: "Mama, nakupa Mocímboa."

Sauti yake ikaja. Nyuma yake kulikuwa na mtu anatwanga na kuku wanagombana.

"Alhamdulillahi. Huo nimeupokea. Nikaenda Mocímboa, nikaenda na msafara wa magari yenye ulinzi, nikafika salama. Jirani yangu, aliyenitengenezea nyumba kabla sijafika, akanikaangia samaki, nikala, nikashiba. Nikanywa maji ya kisimani, yana ladha. Nikalala chumba kile kile nilimowazaa. Na jibu la kitendawili, hapo ni kwenu, vipofu ninyi."

Nikaitazama picha tena. Chini ya ule ubao palikuwa na kizingiti cha jiwe kilichomeguka upande wa kushoto. Nilikimegua mimi kwa jino langu nilipoanguka nikiwa mdogo, kwa jinsi mama anavyosimulia, na pengo lake ninalo mpaka leo. Nilikuwa nimekuza picha mpaka matundu ya ukuta na kizingiti sikukiona. Nilicheka, nikalia, nikamtumia wifi yangu wa Pemba salamu za pole kwa kitanda kitupu.

Kaka akauliza atarudi lini. Mama akatuma sauti ya mwisho ya siku ile.

"Miji yenu yote mliyonipa, nawarudishieni. Chukueni Maputo yenu, chukueni Lisboa yenu. Mimi huu unanitosha."