Leseni Mama Aliyomwazima Jirani

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, nimetoka shule na sijavua hata soksi. Kwenye kompyuta ya steshenari yetu hapa Dunda yalitokea maandishi mekundu: leseni ya programu ya kutengenezea kadi inatumika kwenye mashine mbili. Moja iondolewe kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo akaunti itafungwa. Ndani ya akaunti hiyo mlikuwa na vyeti vya mahafali vya shule ambayo ilikuwa bado haijamaliza kutuletea majina, kwa hiyo visingeweza kuchapwa mapema.

Mama alimpigia wakala wa Dar aliyetuuzia. Aliweka spika maana mikono yake ilikuwa na wino.

"Shikamoo mama. Hiyo mashine ya pili ya nani?"

"Marahaba. Ya jirani yangu, naye ana steshenari. Programu yake ilikorofisha, nikamwazima namba za leseni."

"Ukamwazima."

"Kwani vibaya? Hata mbuzi ya nazi tunaazimana."

"Mbuzi ikiwa kwake, wewe unakunia nini?" Wakala alicheka kidogo. "Hii iko kwako na kwake kwa pamoja. Halafu mama, hukununua programu. Umenunua ruhusa ya kuitumia, mashine moja. Kama chumba cha kupanga, huwezi kuingiza mpangaji wako. Soma mkataba."

Mkataba ule hakuna aliyewahi kuusoma nyumbani kwetu. Siku ya kuweka programu mama alibofya Nakubali, kama watu wote. Nikausoma mimi. Nilichoelewa ni kwamba ukimpa mtu mwingine leseni umeuvunja, na ukiuvunja wanaweza kukufungia kazi zako zote na kukudai fidia. Wakitaka kukagua mashine zako, huna ruhusa ya kukataa. Habari za ujirani hazimo.

"Basi nenda kamwambie aiondoe," mama akasema.

"Mimi?"

"Mimi siendi kudai kitu nilichotoa kwa mkono wangu. Hata sufuria huwa nasubiri irudi yenyewe."

Ndivyo ilivyo kwetu. Ukienda kudai ulichomwazima mtu, umemwambia mwenzio kwamba ujirani umekwisha. Na mimi hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono. Nilikwenda saa kumi na moja. Jirani, mke wa mwalimu, watu wa bara, aliniuliza habari za masomo, akanipa andazi. Nikala andazi, nikaaga. Nyumbani nilimwambia mama kwamba sikusema. Hakunigombeza, ila chakula cha usiku hakukigusa.

Asubuhi yake nilipita tena kwa jirani nikiwa na sare. Alikuwa anafagia mlangoni. Nilisema nikiuangalia ufagio.

"Shikamoo mama. Ile leseni imeleta shida. Kampuni itafunga kazi za mama leo mchana isipotolewa kwako."

Aliacha kufagia. "Na jana ulikula andazi langu ukiwa na hilo moyoni?"

"Ndiyo."

"Mama yako je, miguu inamuuma?"

"Anaona haya."

"Anaona haya, kisha anamtuma mwenye haya kumzidi." "Nina kadi za mchango hazijaisha. Bwana harusi anazifuata leo."

Nilimwambia nitazitoa kwa flashi, mama azimalizie mwenyewe kwenye mashine yetu. Hilo mkataba haukulikataza, nilikuwa nimelitafuta. Aliwasha kompyuta, akasogea pembeni. Nikahamisha kadi, nikaiondoa programu, nikasubiri hadi skrini ilipoonyesha kwamba imekwisha ondoka. Siku zote hunisindikiza mlangoni; siku hiyo hakunisindikiza. Nilimpelekea mama flashi, nikaona maandishi mekundu yametoka, nikaenda shule, nikakuta kipindi cha pili kimeanza.