Jumatano ya Gulio kwenye Theluji

Nyinyi mliokua milimani enzi zile kandambili ikikatika inaungwa kwa waya, mtanielewa nikisema kwamba kwetu Jumatano ilikuwa sikukuu. Jumatano ndiyo siku ya gulio Lushoto. Akina mama waliondoka alfajiri na matenga ya peasi na kabichi kichwani, ukungu ukawameza kabla hawajafika kwenye kona ya msikiti, na sisi tukaachiwa amri: mkitoka shule mchote maji, mbuzi mumpeleke malishoni, migomba ya baba yenu msiiguse. Maji tulichota. Mbuzi tulimpeleka. Migomba, Mungu atusamehe.

Lile gome pana la mgomba, likiwa bado bichi, lina utelezi ambao mtoto wa leo hawezi kuununua popote. Tulilibandua, tukalipandisha hadi juu ya mteremko wa nyuma ya shule, tukakaa juu yake wawili wawili, tukashuka. Nyasi zilikuwa na unyevu mwaka mzima. Chini kulikuwa na mfereji, na ukiingia mfereji umeingia, unatoka na matope hadi kwenye nyusi.

Ule mchezo ulikuwa na sheria. Mkubwa anakaa nyuma, visigino vyake ndiyo breki. Mdogo anakaa mbele, na wa mbele ndiye mwenye neno. Hata kama wa nyuma ni kaka yako aliyekuzidi miaka sita, hata kama nyumbani anakuzaba vibao, haruhusiwi kuinua visigino mpaka wa mbele aseme "achia." Wa mbele ndiye anayeona mnakokwenda, na ndiye atakayeumia kwanza. Wangu wa nyuma alikuwa Kaka Athumani. Kuna siku niliketi pale juu nikitetemeka mpaka wenzetu wakatuzomea, na yeye hakunisukuma wala hakuninong'oneza. Alinishika tu mabega akasubiri.

Tulidhani hakuna anayejua. Watoto ni wajinga. Utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo hautoki, hata uiloweke siku saba, na mama alikuwa anatugeuza kuangalia makalio ya kaptula na gauni kabla hata hajatua tenga. Mama yetu alikuwa na msemo wa kila msiba. Mtu akifeli mtihani, binti akiachika, yeye husema kuteleza si kuanguka. Sisi tulinyimwa hata huo. "Nyinyi mnateleza kwa makusudi," alisema, akichuma fimbo ya mpera, "mkianguka msiniite." Baada ya fimbo tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mnavu tukiwa tumesimama, maana kukaa kulikuwa hakukaliki, na Kaka Athumani alikuwa ananisogezea mboga upande wangu wa sahani.

Yeye ndiye aliyetangulia Sydney. Alikuja kusoma, akapanga chumba Kensington na wenzake watatu, mchana darasani, usiku akisafisha ofisi za katikati ya jiji. Mimi nilimfuata baadaye, nikawa nesi wa wazee, nikaolewa, nikaachika, nikatulia mtaa wa Merrylands na binti yangu Rehema. Kila baridi ilipoingia kaka alipiga simu: mwaka huu, Zuhura, lazima tukaone theluji. Kila mwaka palikuwa na zamu ya mtu. Halafu figo zake zikafa, zote mbili, akahamia kwangu.

Tangu hapo maisha yetu yaliendeshwa na gari la hospitali. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lilikuja kumchukua akasafishwe damu kwa mashine. Nilipimwa nimpe figo yangu, wakaikataa kwa sababu ya sukari yangu. Baadaye walisema hata ingepatikana nyingine, moyo wake hauwezi tena kuhimili upasuaji. Mtu aliyekulia kwenye migomba alikatazwa ndizi, zisije zikamdhuru moyo. Chai alikuwa anapimiwa, maana mwili haukuweza tena kutoa maji, na mpimaji nilikuwa mimi.

Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, akaniambia nimpeleke. Hakutaka ile milima mikubwa ya matajiri. Alikuwa ameona kwenye simu kilima kidogo kupita Canberra, wanakopelekwa watoto wa shule kujifunza. Nikamuuliza siku gani. Akasema Jumatano. Nilikubali kwa hesabu ya nesi, kwamba iko kati ya Jumanne na Alhamisi, atakuwa na nguvu. Nilikuwa nimeshaendesha mwendo mrefu ndipo nikakumbuka gulio.

Ndugu zangu, watoto wa siku hizi wanafundishwa kuanguka. Nimeona kwa macho yangu. Wamepangwa mstari, kofia ngumu kichwani, miwani kama ya wachomea vyuma, mbao mbili miguuni, na mwalimu anawaelekeza jinsi ya kudondoka kwa ubavu. Sisi mwalimu wetu alikuwa mfereji. Halafu kuna mkanda unaotembea wenyewe, unasimama juu yake unapandishwa kilimani kama kifurushi. Nilimwambia kaka kwamba hawa hawatakuwa na misuli ya mapaja, akacheka mpaka akashika ubavu.

Na sisi tulikuwa kichekesho pia, nakiri. Nilikuwa nimevaa suruali mbili chini ya dera, na sote watatu nilikuwa nimetufunga mifuko ya plastiki juu ya soksi ili maji yasipenye, kama tulivyokuwa tukifanya shambani masika. Rehema ana miaka kumi na tano. Alisimama mbali nasi akijifanya amekuja na familia nyingine.

Tulikaa kwenye benchi tukala chapati. Nikammiminia kaka kikombe chake, kile kidogo. Alikunywa. Akachukua ndizi ya Rehema kwenye mfuko, akaimenya taratibu, akaila yote, huku akiangalia watoto wanavyoshuka. Kisha akaninyooshea kikombe tena.

"Kaka, ya leo imeisha."

"Najua," akasema, na hakukishusha kikombe.

Niliikumbatia chupa ya chai, akaichukua mikononi mwangu. Akaifungua mwenyewe, akajimiminia hadi juu.

"Kesho siendi, Zuhura. Wala Jumamosi, wala tena. Nimeshaongea nao hospitalini, na daktari amenisikiliza."

Nilimjibu kama nesi, nikamweleza kitakachompata, ingawa alikijua kuliko mimi. Nikamjibu kama Mwislamu. Mwishoni nikamjibu kama kitinda mimba, nikalia tu, kamasi zinaganda kwa baridi. Alisubiri nimalize.

"Nimechoka, mdogo wangu. Siku ya mashine naumwa, usiku wake silali, nikianza kupata nafuu ni mashine tena. Siku nzuri ninayo moja, nayo ni leo."

Kazini nimekaa na wazee wengi wakati wao ulipofika, nikawaambia watoto wao maneno mazuri. Siku ile sikukumbuka hata moja. Naliandika hili wazi kwa wenzangu wa rika langu: nimekata tamaa, na simtafuti mtu wa kunipa moyo.

Akataka kuteleza. Tulikodi kitelezo cha plastiki chekundu, kirefu, cha watu wawili. Rehema alipoona tunapanda kwenye mkanda alikuja mbio, amesahau aibu yake.

"Mum, is he even allowed? Mjomba, are you sure?"

"All good, darling," akamjibu. "Mama yako anajua kushika breki."

Maana hakukaa nyuma. Miguu yake haina nguvu ya kuzuia kitu. Alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma yake, nikachomeka visigino kwenye theluji, nikamshika. Mabega yalikuwa mifupa ndani ya jaketi. Mkono wangu uliteremka hadi kwenye mkono wake wa kushoto, na chini ya kiganja changu nikausikia ule mshipa waliomtengenezea kwa ajili ya mashine, unatetemeka, unatetemeka. Watoto nyuma yetu walianza kulalamika kwamba tunawachelewesha. Sikuinua visigino.

"Zuu," akasema bila kugeuka, "nani mwenye neno?"

Alinisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri zamani.

"Wa mbele."

"Basi achia."

Nikaachia. Ni kilima kidogo, tulifika chini haraka. Alikuwa anacheka bila pumzi, theluji imemjaa kwenye ndevu, na wale watoto walitupita na vitelezo vyao wakirudi kwenye mkanda. Enzi zetu na sisi tungekuwa tumeshageuka, tunakimbia kupanda na gome letu begani, tuwahi kabla mama hajatokea kwenye kona ya msikiti. Nilimsaidia kusimama, Rehema akamshika mkono wa pili, tukatembea polepole hadi kwenye gari.

Leo ni Jumamosi. Gari la hospitali halikuja. Nilijikuta nimesimama dirishani kwa mazoea, nimemwandalia sweta, mpaka Rehema akalitoa sweta mkononi mwangu. Kaka amelala chumbani, miguu imeanza kuvimba. Asubuhi ameomba ndizi nyingine, nikampa.

Nimefua nguo tulizokwenda nazo. Suruali yake nimeigeuza nyuma na mbele juu ya kamba, nikakitazama kitako chake muda mrefu, kama mama. Theluji haina utomvu. Imekauka safi kabisa, wala huwezi kujua kwamba tulikwenda.